Lugha ya Kutathmini Aina Mpya za Maua ya Msimu katika Majaribio ya Bustani: Mfano wa Buterere, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna aina mpya za maua ya msimu zinavyotathminiwa katika majaribio ya bustani, na yanachunguza nafasi ya lugha katika tathmini hiyo. Eneo linalotumika kama mfano ni Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ambako Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana. Hoja kuu ni kwamba alama anayoitoa mtathmini hutegemea neno alilolisoma kwenye fomu. Neno hilo likiwa na maana mbili, alama hupima uelewa wa msomaji badala ya kulipima ua. Makala yanapitia historia fupi ya majaribio ya bustani, mazingira ya Buterere na hatua za jaribio, kisha yanajadili maeneo manne yenye utata wa istilahi: jina la kitu kinachopimwa, rangi, kuharibika kwa ua, na kuenea kwa mmea. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa taasisi za lugha na za kilimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno makuu: istilahi, maua ya msimu, jaribio la bustani, tathmini, Kiswahili nchini Burundi

1.0 Utangulizi

Mmea unaojulikana kitaalamu kama Impatiens walleriana ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Huota wenyewe mahali penye kivuli na unyevu, kutoka Kenya hadi Msumbiji, na sehemu ya pili ya jina lake inamkumbuka Horace Waller, mmisionari Mwingereza wa karne ya 19. Kuanzia miaka ya 1960, Claude Hope, Mmarekani aliyezalisha mbegu za maua nchini Costa Rica, aliuendeleza mmea huo hadi ukawa miongoni mwa maua yanayouzwa kwa wingi zaidi kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani. Baadaye ukaja ugonjwa wa ukungu unaosababishwa na Plasmopara obducens. Uingereza iliupata mwaka 2003, na kufikia mwaka 2012 ulikuwa umeenea katika sehemu nyingi za Marekani. Wazalishaji wa mbegu walilazimika kutafuta aina zinazoustahimili. Mojawapo ya aina hizo, kutoka kampuni ya Syngenta, inaitwa Imara XDR.

Neno imara ni la Kiswahili. Mmea uliotoka kwetu umeizunguka dunia na kurudi sokoni ukiwa na jina letu juu ya pakiti. Hata hivyo, fomu, vipimo na miongozo inayotumika duniani kuamua kama aina fulani ni mpya, ni tofauti na inafaa, haiandikwi kwa Kiswahili. Miongozo ya upimaji ya UPOV, yaani Muungano wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, huorodhesha sifa za mimea kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili kimefika kwenye jina la biashara, lakini hakijafika kwenye fomu ya tathmini.

Pengo hili lina gharama kwa watu halisi. Mwenye kitalu kidogo cha maua mjini Bujumbura anaponunua pakiti ya mbegu chotara, hununua ahadi iliyopimwa katika nchi nyingine, chini ya jua jingine, na kuandikwa kwa lugha ambayo pengine haisomi. Mbegu hizo zikishindwa, anapoteza fedha, nafasi ya kitalu na msimu mzima. Zikifaulu kupita kiasi, jirani zake na wenye mashamba ya mpunga wanaweza kulipa gharama nyingine, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 5.4.

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu. Makala hayaripoti matokeo ya jaribio lililofanyika. Yanaeleza jaribio la bustani linavyopaswa kufanyika, kisha yanaonyesha ni wapi lugha inaweza kuliharibu na ni wapi inaweza kuliokoa.

2.0 Jaribio la bustani ni nini

Jaribio la bustani ni upandaji wa aina kadhaa za mimea mahali pamoja, kwa utunzaji uleule, ili zilinganishwe kwa haki. Kwa mimea ya mapambo, majaribio haya yamegawanyika katika makundi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Kundi la kwanza ni jaribio la utambulisho. Swali lake ni la kisheria: je, aina hii ni mpya na inatofautika na zote zinazojulikana? Chini ya mkataba wa UPOV wa mwaka 1961 na marekebisho yake, aina inayoombewa ulinzi huchunguzwa kwa sifa tatu, nazo ni utofauti, ulinganifu wa mimea yake yenyewe kwa yenyewe, na uthabiti kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Kenya ilijiunga na UPOV mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Nchini Kenya kazi hiyo imo mikononi mwa KEPHIS, na mimea ya mapambo, hasa waridi, ina sehemu kubwa katika maombi yanayopokelewa.

Kundi la pili ni jaribio la ubora. Swali lake ni la mkulima na mnunuzi: je, aina hii ni bora kuliko zile tulizo nazo? Nchini Uingereza, Royal Horticultural Society ilianzisha tuzo yake ya ubora wa bustani mwaka 1922, na bustani yake ya Wisley ni maarufu kwa majaribio. Marekani ina All-America Selections, iliyoanzishwa mwaka 1932, ambayo huwapa watathmini mimea yenye namba badala ya majina, na kuwataka wailinganishe na aina bora zilizokwisha kuwa sokoni. Barani Ulaya, Fleuroselect imekuwa ikifanya kazi kama hiyo tangu mwaka 1970.

Tofauti ya makundi haya ni muhimu kwa mshauri wa sera. Aina inaweza kuwa mpya kabisa kisheria na bado isifae kitu katika bustani ya Bujumbura. Hati ya ulinzi haisemi kwamba ua litachanua; inasema tu kwamba ua hilo lina mwenyewe.

3.0 Kwa nini Buterere

Buterere iko katika tambarare iliyo upande wa kaskazini wa Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Melchior Ndadaye. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na tambarare hii haipandi sana juu ya hapo, kwa hiyo joto ni kubwa kuliko katika milima inayoonekana upande wa mashariki. Mvua hunyesha kuanzia karibu Oktoba hadi Mei, na kiangazi hushika kuanzia Juni hadi Septemba. Maji husimama haraka. Mafuriko ya Februari 2014 yaliyoua watu na kubomoa nyumba katika mitaa ya kaskazini mwa jiji bado yanakumbukwa. Katika eneo hilohilo kuna kituo cha kusafisha majitaka cha jiji, mashamba ya mpunga, na vipande vya mboga.

Mazingira haya yanabatilisha mambo matatu ambayo pakiti ya mbegu huyachukulia kuwa ya kawaida.

La kwanza ni urefu wa siku. Buterere iko chini ya nyuzi nne kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki nusu saa. Karibu na London, mchana hufupika hadi saa 8 wakati wa baridi na kurefuka kupita saa 16 wakati wa kiangazi. Mimea husoma urefu wa usiku. Tagetes erecta na Cosmos bipinnatus huharakisha kuchanua siku zinapokuwa fupi, kwa hiyo karibu na ikweta zinaweza kuchanua zikiwa bado changa na fupi kuliko pakiti inavyosema. Petunia hupenda siku ndefu na huweza kuchelewa. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti kuhusu siku za kungoja ua la kwanza si uongo, lakini ni ukweli wa mahali pengine.

La pili ni maana ya mwaka. Katika nchi za baridi, mmea wa mwaka mmoja mara nyingi ni ule tu usioweza kuvuka majira ya barafu. Impatiens walleriana na Catharanthus roseus huuzwa huko kama mimea ya mwaka mmoja, ilhali katika tambarare ya Imbo zinaweza kuendelea kuishi mwaka hadi mwaka zikipata maji. Istilahi mimea ya mwaka mmoja, ikitafsiriwa neno kwa neno, hudanganya. Makala haya yanatumia maua ya msimu, yaani maua yanayopandwa ili yachanue katika msimu uliokusudiwa, bila kujali kama mmea wenyewe utakufa baada ya hapo.

La tatu ni hesabu ya misimu. Kilimo cha Burundi kina misimu mitatu inayotajwa kwa herufi A, B na C, na msimu C ni ule wa kiangazi katika mabonde yenye maji. Jaribio linalofanyika katika msimu A pekee halisemi lolote la kuaminika kuhusu msimu C.

Buterere inafaa pia kwa sababu ya lugha. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya soko, ya usafiri na ya majirani waliotoka Kongo au Tanzania. Kifaransa ni lugha ya taarifa za kitaalamu na za ofisi. Mtu mmoja anaweza kulinunua ua kwa Kiswahili, kumweleza mkewe kwa Kirundi, na kujaziwa fomu kwa Kifaransa, yote katika asubuhi moja.

4.0 Hatua za jaribio

Jaribio linaloweza kufanywa na kikundi cha wakulima wa Buterere, chini ya usimamizi wa mtafiti, halihitaji vifaa vya gharama kubwa. Linahitaji nidhamu.

Kwanza, kila aina mpya iwe na aina ya kulinganishia, yaani ile ambayo wakulima wanaijua tayari. Bila kipimo hicho, sifa njema ya aina mpya inaweza kuwa sifa ya mvua nzuri ya mwaka huo.

Pili, kila aina ipandwe katika matuta yasiyopungua matatu yaliyotawanyika uwanjani, na nafasi ya kila tuta ipangwe kwa kura. Tambarare ya Buterere ina madimbwi yasiyoonekana wakati wa kiangazi. Aina iliyowekwa yote upande wa chini itahukumiwa kwa kosa la ardhi.

Tatu, mbegu zisiwe siku moja, miche iatikwe siku moja, na mbolea na maji viwe sawa. Chanzo cha maji kiandikwe, kwa sababu maji ya mfereji na maji ya bomba hayafanani kwa chumvi wala kwa rutuba.

Nne, majina yafichwe. Kila tuta liwe na namba tu. Mtathmini anayeona jina la kampuni kubwa au picha ya pakiti huanza kuiona picha badala ya tuta.

Tano, vipimo vya namba vichukuliwe kwa rula na kalenda: asilimia ya mbegu zilizoota, siku tangu kusia hadi ua la kwanza, urefu wa mmea, upana wa ua, na idadi ya wiki za kuchanua. Vipimo hivi havina ubishi mkubwa wa lugha.

Sita, vipimo vya macho vitolewe na watathmini kadhaa, kila mmoja peke yake, kwa tarehe zilizopangwa. Miongoni mwao wawepo wauza miche na wanunuzi, si wataalamu pekee. Wakulima wa lengalenga wana ujuzi wa kuchangia hapa, kwa sababu Celosia ni wa familia moja na lengalenga, na mbegu zake ndogo hutaka mkono uleule mwepesi wakati wa kusia.

Hatua hii ya sita ndiyo inayoifanya lugha kuwa sehemu ya kipimo. UPOV hutumia skeli ambayo mara nyingi huenda kutoka 1 hadi 9, ambapo 3 ni ndogo, 5 ni ya wastani na 7 ni kubwa. All-America Selections hutumia alama kutoka 0 hadi 5. Namba ni namba katika kila lugha, lakini swali linaloitangulia namba halina bahati hiyo.

5.0 Maeneo manne ya utata

5.1 Jina la kitu kinachopimwa

Neno aina hubeba maana nyingi mno. Katika mazungumzo, waridi na zinia ni aina mbili; zinia fupi na zinia ndefu ni aina mbili; zinia nyekundu ya kampuni moja na nyekundu ya kampuni nyingine nazo ni aina mbili. Fomu inayouliza ni aina gani imekufurahisha zaidi itajibiwa katika ngazi tatu tofauti. Kirundi hakitatui tatizo hilo. Neno ubwoko hutumika kwa jamii ya vitu na ya mimea, lakini nchini Burundi neno hilohilo hutaja pia kabila, na hubeba historia nzito ambayo si busara kuipeleka bustanini bila sababu. Mtathmini anayeulizwa mbele ya watu ni ubwoko gani ulio bora ana haki ya kusita.

Inapendekezwa kwamba spishi litumike kwa ngazi ya kibiolojia, aina libaki kwa kile kilichozalishwa na kupewa jina lake, na fomu ya jaribio isiulize kuhusu lolote kati ya hayo. Iulize kuhusu tuta namba fulani. Vivyo hivyo, neno kitalu, ambalo huweza kumaanisha mahali pa kusia mbegu na pia kipande cha ardhi kilichotengwa, libaki kwa maana ya kwanza, na tuta litumike kwa kipande cha jaribio.

5.2 Rangi

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopatana na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa majina ya vitu: kijani kutokana na majani, zambarau na chungwa kutokana na matunda, waridi na urujuani kutokana na maua. Kirundi kina mwelekeo unaofanana, na kijani huitwa icatsi kibisi, yaani jani bichi. Mfumo huu si upungufu. Unatosha kwa maisha ya kila siku. Tatizo ni kwamba wazalishaji wa maua ya msimu hushindana hasa katika eneo lililo kati ya nyekundu na buluu, ambako wasemaji hutofautiana zaidi. Ua ambalo mmoja huliita la waridi, mwingine huliita jekundu lililopauka, na wa tatu la zambarau changa. Aidha, -ekundu hupanuka hadi kwenye udongo na mchanga, kiasi kwamba ua la rangi ya chungwa iliyokolea huweza kuingia humo bila mtu kushangaa.

Hapa neno haliwezi kufanya kazi peke yake. Wataalamu wa maua hutumia kitabu cha vipande vya rangi cha Royal Horticultural Society, chenye mamia ya rangi zilizopewa namba. Kitabu hicho ni ghali. Kwa jaribio la Buterere, kadi moja yenye vipande kumi na viwili hivi, iliyochapishwa mara moja na kutumika misimu yote, inatosha kuwafanya watathmini wote wataje rangi moja kwa namba moja. Jina la Kiswahili na la Kirundi yaandikwe kando ya kila kipande baada ya watathmini wenyewe kukubaliana. Utafiti wa istilahi utapata data humo, na jaribio litapata uhakika.

5.3 Kuharibika kwa ua

Katika eneo hili Kiswahili ni tajiri, na utajiri usipopangwa huleta vurugu. Mmea hunyauka unapokosa maji na kulegea. Ua husinyaa linapojikunja na kupungua. Rangi hufifia au huchujuka kwa jua. Petali hupukutika. Shina hukauka. Huoza linaposimama majini. Kila kitenzi hutaja sababu tofauti, na kila sababu hutaka uamuzi tofauti wa mkulima: kumwagilia, kuhamishia kivulini, kuinua tuta, au kuiacha aina hiyo kabisa. Fomu inayotumia neno moja, kuharibika, hulipoteza somo hilo lote.

Maneno mazuri na mabaya nayo yaepukwe. Mtathmini aliyekaribishwa katika shamba la mwenzake hasemi kwa urahisi kwamba kazi ya mwenyeji ni mbaya. Atatoa alama ya wastani kwa heshima. Heshima hiyo ni njema kwa ujirani, lakini huficha tofauti. Dawa yake ni kuifunga kila alama kwenye jambo linaloonekana. Kwa kunyauka, skeli inaweza kusomeka hivi, ikipimwa saa 8 mchana katika siku isiyo na mvua:

1: mimea yote imelegea, na asubuhi iliyofuata haijasimama;
3: mimea mingi imelegea, na asubuhi iliyofuata michache tu imesimama;
5: karibu nusu ya mimea imelegea, na asubuhi iliyofuata yote imesimama;
7: mmea mmoja au miwili tu imelegea;
9: hakuna mmea uliolegea.

Mtathmini haulizwi anafikiri nini. Anaulizwa ameona nini. Muuza miche asiyesoma anaweza kusomewa mistari hiyo mitano kwa Kiswahili au kwa Kirundi, na akatoa alama ileile ambayo angeitoa mtafiti.

5.4 Kuenea

Eneo la nne ndilo lenye hatari kubwa. Katika matangazo ya mbegu, mmea unaojiotesha wenyewe na kujaza nafasi haraka husifiwa, kwa kuwa humpunguzia mwenye bustani kazi. Katika nchi za baridi barafu huikata sifa hiyo kila mwaka. Katika tambarare yenye joto, unyevu na mifereji inayoishia ziwani, sifa hiyohiyo ni onyo.

Kanda yetu inalo funzo. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kama mmea wa mapambo wa madimbwi, kwa sababu ya ua lake zuri la urujuani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 liliziba ghuba na bandari, likawazuia wavuvi na kuathiri mitambo ya maji na umeme. Mto Kagera, ambao vyanzo vyake viko Burundi na Rwanda, ulikuwa miongoni mwa njia zake. Lantana camara nayo ililetwa kama pambo la ua wa nyumba, na sasa huziba malisho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mimea hiyo miwili si maua ya msimu, lakini inaonyesha kwamba uzuri wa ua haujawahi kuwa dhamana ya adabu ya mmea.

Kiswahili cha kawaida hutumia kuenea kwa hali zote hizi. Makala haya yanapendekeza maneno matatu yatenganishwe katika fomu. Kutanda ni pale mmea mmoja unapofunika tuta lake; hiyo ni sifa. Kujiotesha ni pale miche inapoonekana ndani ya tuta bila kusiwa. Hiyo ni taarifa. Kuvamia ni pale miche inapoonekana nje ya uwanja wa jaribio, katika mfereji, njia au shamba la jirani. Hiyo ni sababu ya kusimamisha usambazaji wa aina hiyo hadi ichunguzwe. Ukaguzi wa kuvamia uendelee angalau misimu miwili baada ya matuta kung'olewa. Majaribio yanayomalizika siku ua la mwisho linapopukutika hayawezi kulijibu swali hili.

6.0 Mapendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2015. Msingi wa kisera upo. Kinachokosekana ni kazi ndogo ndogo zenye manufaa yanayoonekana, na tathmini ya mimea ni mojawapo. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba:

(a) Kamisheni, kwa kushirikiana na BAKITA na BAKIZA, iandae orodha fupi ya istilahi za tathmini ya mimea ya mapambo, ikianza na zisizozidi hamsini. Kila istilahi iambatane na mchoro au picha, kwa kuwa fasili ya maneno pekee huongeza utata.

(b) Istilahi hizo zijaribiwe shambani kabla ya kuidhinishwa. Watathmini wawili wasiojuana wapewe fomu moja na tuta moja. Wakitofautiana kwa zaidi ya ngazi moja ya skeli mara kwa mara, kosa litafutwe kwanza katika neno.

(c) Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, na ofisi ya taifa ya udhibiti wa mbegu, ONCCS, zihusishwe tangu mwanzo, ili fomu ya Kiswahili na Kirundi isomeke sambamba na taarifa rasmi za Kifaransa.

(d) Kipengele cha kuvamia kiwe cha lazima katika kila jaribio la mmea wa mapambo unaoingizwa kutoka nje ya kanda, na matokeo yake yapelekwe kwa nchi jirani zinazoshiriki maziwa na mito.

(e) Matokeo yarudishwe kwa wakulima kwa lugha waliyotathmini nayo. Ni dhuluma kumwomba mtu macho yake na kumnyima alichokiona.

7.0 Hitimisho

Huenda ikaonekana kwamba maua ni jambo dogo katika nchi yenye mahitaji makubwa ya chakula. Hoja hiyo ina uzito, na makala haya hayadai kwamba zinia itangulie maharage. Lakini tatizo lililoelezwa hapa halikomei kwenye maua. Maharage, mpunga na muhogo nazo hutathminiwa kwa fomu, na fomu hizo nazo zina maneno yanayosomwa kwa namna tatu. Maua ya msimu yana faida moja kwa mtafiti wa lugha: mzunguko wake ni mfupi, makosa yake hayamlazi mtu na njaa, na istilahi inayoshindwa katika msimu A inaweza kurekebishwa na kujaribiwa tena katika msimu B. Kiswahili kikijifunza kupima katika tuta la maua la Buterere, kitakuwa tayari kwa shamba.